Kinyozi akishatia maji, apake sabuni gani?

WAHENGA waliposema mwenzako akinyolewa zako tia maji, walikuwa wakionya juu ya zamu inayokuja. Lakini ndani ya methali hiyo umo pia ushauri wa kazi ambao kila kinyozi anaujua: nywele kavu hazinyoleki vizuri. Swali ambalo methali haikulijibu ndilo linalogusa mfuko wa kinyozi na shavu la mteja wake. Baada ya maji, ipakwe sabuni gani?

Swali hilo lina uzito katika kata ya Kasokola, Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi. Huku ni kwa wakulima, na fedha ya mkulima huja kwa msimu. Mahindi, mpunga, karanga, alizeti au tumbaku ikishauzwa, harusi hupangwa, safari hufanyika na watu hukumbuka kunyoa. Kinyozi wa kibandani au wa chini ya mwembe hupata wateja wengi kwa wiki chache, kisha hukaa akiwasubiri wachache. Kwa biashara ya namna hiyo, mteja mmoja aliyeondoka na vipele shingoni ni hasara isiyozibika haraka, kwa sababu kijijini habari hutembea kuliko basi.

Ni kweli kwamba mashine ya umeme imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kinyozi. Hata hivyo, wembe haujaondoka. Mteja anayetaka kipara kinachong'aa bado anautaka, na vilevile anayetaka ndevu zake zichongwe pembeni ziwe na mstari. Mzee anayejinyolea nyumbani kila Jumapili kabla ya ibada anautumia, na familia nyingi huutumia kumnyoa mtoto mchanga au kunyoana wanapoondoa matanga. Umeme ukikatika, hata saluni ya mjini hurudi kwenye wembe, beseni na sabuni.

Tatizo liko kwenye hiyo sabuni. Vinyozi wengi wa vijijini hushika kilicho karibu, yaani kipande cha sabuni ya mche kilichobaki baada ya kufua, sabuni ya kuogea, au chembe za sabuni ya unga zilizokorogwa kikombeni. Povu linatoka, nywele zinakatika, na kazi inaonekana imekwisha. Siku ya pili au ya tatu ndipo mteja anapoanza kujikuna.

Sabuni inafanya kazi gani?

Ili kuchagua vizuri, mnunuzi anapaswa kwanza kujua anachonunua kinatakiwa kufanya nini. Sabuni ya kunyolea ina kazi tatu, na kuondoa uchafu ni sehemu ndogo tu ya kazi hizo.

Kazi ya kwanza ni kufungua njia ya maji. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika 2 hadi 3 hunyonya maji, huvimba kidogo na kulainika, na wembe huukata bila kutumia nguvu nyingi. Lakini uso una mafuta na jasho vinavyozuia maji kupenya. Sabuni huyaondoa mafuta hayo.

Kazi ya pili ni kuyashikilia maji yasikauke. Povu zuri la kunyolea ni zito, lina maji mengi na viputo vidogo sana visivyoonekana kwa urahisi. Hukaa juu ya ndevu kama tope laini mpaka kinyozi amalize upande mmoja na kuhamia wa pili.

Kazi ya tatu ni kuleta utelezi. Kati ya makali ya wembe na ngozi panatakiwa pawe na tabaka jembamba linaloteleza. Tabaka hilo likikosekana, wembe hukwaruza ngozi ya juu pamoja na nywele, na hapo ndipo mwasho na michubuko huanzia.

Sabuni ya mche imetengenezwa kwa kazi nyingine. Lengo lake ni kung'oa mafuta na jasho kwenye nguo. Povu lake ni jepesi, limejaa hewa, na hukauka kabla kinyozi hajafika kidevuni. Tena huiacha ngozi ikiwa imekakamaa. Ngozi ya binadamu ina uchachu kidogo, ambao kwa kipimo cha pH huwa karibu na 5, wakati sabuni nyingi za kawaida huwa kati ya 9 na 10. Ngozi yenye afya huirudisha hali yake yenyewe baada ya kuoshwa, lakini ngozi iliyokwaruzwa na wembe huungua kwanza.

Sabuni ya unga ni mbaya zaidi. Ina kemikali za kulainisha maji na kung'oa madoa ambazo hazikukusudiwa kuguswa na ngozi iliyochubuka. Kinyozi anayeikoroga kwa ajili ya uso wa mteja anatafuta kesi.

Tofauti imo kwenye mafuta

Kila sabuni ya kweli hupatikana kwa kuchanganya mafuta na kemikali kali iitwayo kostiki. Tofauti kati ya sabuni moja na nyingine hutokana na aina ya mafuta na aina ya kostiki.

Kostiki soda hutoa sabuni ngumu, kama mche au kipande cha kuogea. Kostiki potashi hutoa sabuni laini inayoyeyuka haraka majini. Jambo hili si geni kwa wazee, kwani maji ya majivu yaliyotumika zamani kutengenezea sabuni yana potashi, na ndiyo maana sabuni ile ilikuwa laini kama uji mzito. Krimu ya kunyolea hutengenezwa zaidi kwa potashi. Sabuni ngumu ya kunyolea iliyo bora huchanganya zote mbili, ili ishike umbo lake lakini itoe povu kwa haraka.

Kwa upande wa mafuta, kinachotafutwa zaidi ni asidi ya steariki, ambayo hulifanya povu liwe zito na lidumu. Mafuta ya ng'ombe yana kiasi kizuri cha asidi hiyo, na ndiyo maana yametumika kwa sabuni za kunyolea kwa miaka mingi. Mafuta ya nazi na ya mise, yaani kokwa za michikichi, hutoa povu la haraka na jingi, lakini yakizidi hukausha ngozi. Mtengenezaji mzuri hutumia mengi ya kundi la kwanza na machache ya kundi la pili, kisha huongeza glisarini ya kuvuta maji.

Ngumu, krimu au kopo?

Mfanyabiashara anayefuata mzigo Mpanda mjini au Tabora atakutana na bidhaa za makundi makuu matatu.

Kundi la kwanza ni sabuni ngumu ya kunyolea, ambayo huja kama kidonge cha mviringo au kijiti. Huhitaji brashi na mkono uliozoea. Faida yake ni kwamba hudumu sana, haimwagiki na haiharibiki kwa joto la safarini. Kwa mtu anayejinyolea nyumbani, hii ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote ukihesabu mwaka mzima.

Kundi la pili ni krimu ya tyubu au ya kopo la mfuniko. Hutoa povu haraka hata kwa mtu asiye na uzoefu, na aina nyingine hupakwa kwa vidole bila brashi. Krimu isiyohitaji brashi si kitu kipya. Nchini Marekani Barbasol ilianza kuuzwa mwaka 1919. Kwa kinyozi anayehudumia watu wengi, tyubu ina faida kubwa ya usafi, kwani kilichomo ndani hakiguswi na uso wa mtu yeyote.

Kundi la tatu ni povu au jeli ya kopo la kubonyeza. Ni rahisi kutumia na huvutia macho rafuni. Hata hivyo, mnunuzi hulipia pia gesi na kopo, povu lake lina hewa nyingi, na kopo hilo halitakiwi kuachwa juani wala karibu na moto. Duka la bati lisilo na dari, katika miezi ya joto kabla ya mvua, si mahali pake.

Kwa Kasokola na maeneo yanayofanana nayo, hesabu na mazingira vinaelekeza kwenye mambo mawili: krimu ya tyubu kwa kibanda cha kinyozi, na sabuni ngumu kwa matumizi ya nyumbani.

Namna ya kupima kabla ya kununua katoni

Kosa la wafanyabiashara wadogo ni kununua katoni nzima kwa sababu ya rangi ya boksi. Njia salama ni kununua moja, kuipima, kisha kuamua.

Kwanza, asome maandishi. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Kwenye krimu nzuri ya kunyolea, maji, asidi ya steariki, potashi na glisarini huwa miongoni mwa vya mwanzo. Kama pombe au manukato yametangulia, bidhaa hiyo itawasha. Tarehe ya kumalizika muda wa matumizi, jina la mtengenezaji na namba ya toleo lazima visomeke. Bidhaa isiyo na anwani ya mtengenezaji haina wa kumlaumu ikiharibu.

Pili, apime povu. Achukue kiasi cha punje ya haragwe, aongeze maji kidogo kidogo na akoroge kwenye bakuli kwa dakika moja. Kisha aliache kwa dakika 5. Povu likiwa bado limesimama na bado lina unyevu, sabuni hiyo inafaa. Likiwa limenywea na kuacha maji chini, au limekauka kama karatasi, airudishe.

Tatu, apime utelezi. Apake povu mkononi, asugue kidole huku na huku, kisha alifute na kusugua tena. Sabuni nzuri huendelea kuteleza hata povu likishaondoka, jambo linalosaidia pale kinyozi anapolazimika kurudia sehemu aliyoruka.

Nne, apime ngozi. Apake kidogo ndani ya kiwiko cha mkono, aoshe baada ya dakika chache na kusubiri hadi kesho yake. Wekundu, muwasho au vijipele ni onyo. Harufu kali ndiyo inayouza dukani, lakini mara nyingi manukato ndiyo yanayoleta mzio. Kwa mteja mwenye ngozi nyepesi kudhurika, isiyo na harufu ndiyo bora.

Maji nayo yana lawama

Wakati mwingine sabuni husingiziwa. Maji ya visima vingi huwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo hushikana na sabuni na kutengeneza utando mweupe, ule unaoganda kwenye beseni. Sabuni inaisha, povu halitoki, na kinyozi huongeza nyingine bila faida.

Kipimo chake ni rahisi. Weka maji kwenye chupa safi, tia vipande vidogo vya sabuni, funga na utikise. Povu jingi likitokea, maji ni laini. Povu likiwa haba na mabonge yakielea, maji hayo ni magumu. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni laini na yanafaa sana kwa kunyolea. Katika msimu wa kiangazi, kuyachemsha maji ya kisima na kuyaacha yatuame hupunguza sehemu ya madini hayo, na kunampatia kinyozi maji ya uvuguvugu anayoyahitaji kwa kulainisha ndevu.

Shilingi hamsini ni ghali au rahisi?

Vinyozi wengi hujitetea kwamba sabuni ya kunyolea ni ghali. Utetezi huo unaonekana wa kweli mpaka hesabu ifanywe. Kanuni ni kugawa bei kwa idadi ya wateja watakaohudumiwa. Bei zilizotumika hapa ni za mfano. Kila mmoja aweke za kwake.

Chukulia kipande cha sabuni ya mche cha Sh500 kinanyoa watu 50. Kila kichwa kinagharimu Sh10. Tyubu ya krimu ya gramu 100 ikinunuliwa kwa Sh5,000, na kila mteja akitumia gramu 2, itahudumia watu 50, sawa na Sh100 kwa kichwa. Sabuni ngumu ya gramu 100 ikinunuliwa kwa Sh6,000, na kila kunyoa kukila gramu 1, itahudumia watu 100, sawa na Sh60 kwa kichwa. Kopo la povu la gramu 200 kwa Sh8,000, likitumika gramu 5 kila mara, litahudumia watu 40, sawa na Sh200 kwa kichwa.

Kwa hiyo kinyozi anayehama kutoka mche kwenda sabuni ngumu anaongeza Sh50 kwa kila mteja. Kama anatoza Sh1,000, hiyo ni asilimia 5 ya pato. Sasa ipigwe hesabu ya upande wa pili. Mteja anayenyoa mara mbili kwa mwezi humletea Sh24,000 kwa mwaka. Mteja huyo akiondoka kwa sababu ya vipele, kinyozi amepoteza fedha zote alizookoa kwa kutumia mche kwenye vichwa 480. Akiondoka na mdogo wake pamoja na jirani yake, akiba ya mwaka mzima imekwenda na maji.

Vipele si laana

Watu wengi wenye nywele za kipilipili hupata vipele baada ya kunyoa, hasa shingoni na chini ya kidevu. Wengine husema damu chafu, wengine husema kinyozi ana mkono mbaya. Sababu yenyewe inajulikana. Unywele uliojipinda ukikatwa karibu sana na ngozi hubaki na ncha kali. Unapoota, ncha hiyo hujipinda na kurudi kuchoma ngozi, au hukua ukiwa bado ndani. Mwili huuona kama mwiba, na kipele hutokea.

Sabuni nzuri peke yake haimalizi tatizo hili, lakini hupunguza kiasi cha nguvu na mara za kurudia. Kinyozi anashauriwa kunyoa kufuata nywele zinakoelekea, kutovuta ngozi kupita kiasi, na kutorudia zaidi ya mara mbili sehemu ile ile. Mteja ambaye vipele vyake vimezidi ni bora aachiwe nywele fupi kwa mashine kuliko kusafishwa na wembe hadi kwenye ngozi. Mwenye vidonda, mapunye au usaha aelekezwe kituo cha afya na asinyolewe kabisa siku hiyo.

Mtego mwingine uko kwenye kile kinachopakwa mwishoni. Spiriti huchoma na kukausha ngozi ambayo tayari imekwaruzwa, na kazi inayoifaa zaidi ni ya kusafisha vifaa. Shabu, lile jiwe jeupe linalotumika pia kutuliza tope kwenye maji, husimamisha damu ya mchubuko mdogo na kukaza ngozi. Lakini jiwe moja la shabu likipita kwenye nyuso za watu kumi, hubeba damu ya kumi hao. Njia salama ni kuponda kidogo, kuyeyusha kwenye maji na kumpaka kila mteja kwa pamba yake, ambayo hutupwa.

Wembe mmoja, mteja mmoja

Hakuna sabuni, hata ya bei kubwa kiasi gani, inayoufanya wembe uliotumika kwa mtu mmoja ufae kwa mwingine. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu, na mchubuko wa wembe unatosha kuitoa. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Povu la sabuni haliviui.

Kwa sababu hiyo, wembe mpya ufunguliwe mbele ya mteja, na wa zamani uwekwe kwenye kopo lenye mfuniko. Hili lizingatiwe zaidi kwenye misiba, ambako ndugu wengi hunyolewa kwa mfululizo na wembe mmoja huzunguka kwa kuoneana haya. Mpini wa wembe na vifaa vingine visivyotupwa vioshwe kwa sabuni na maji, kisha viloweshwe dakika 10 kwenye jiki iliyochanganywa na maji. Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu 6 za maji. Baada ya hapo visuuzwe na kukaushwa, kwani jiki hula chuma.

Brashi nayo ina historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ya mwaka 1914 hadi 1918 na miaka iliyofuata, watu kadhaa nchini Uingereza na Marekani, wakiwamo askari, waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea. Zilikuwa zimetengenezwa kwa nywele za wanyama ambazo hazikusafishwa vizuri. Mfugaji anayeujua ugonjwa huo kwa ng'ombe wake ataelewa haraka kwa nini brashi isiyojulikana ilikotoka si ya kupitisha kwenye shavu lililokwaruzwa.

Kwa kibanda cha biashara, ni afadhali krimu ipakwe kwa mkono ulionawa. Anayependelea brashi achukue ya nailoni, awe nazo kadhaa, na kila moja ioshwe na kuloweshwa dawa kabla ya mteja mwingine. Anayetumia sabuni ngumu asichovye brashi kwenye bakuli moja la wote. Akwangue kiasi cha mteja mmoja kwa kisu safi, akiweke kwenye kikombe na kutengeneza povu humo. Kinachobaki kimwagwe.

Fursa kwa wenye mifugo na mizinga

Mkoa wa Katavi una malighafi ambazo mtengenezaji wa sabuni za kunyolea angezitafuta. Ng'ombe wapo, na mafuta ya machinjioni mara nyingi hayapewi thamani yake. Mawese na mise hutoka mkoa jirani wa Kigoma. Nta hupatikana kwa wafugaji nyuki; Inyonga wilayani Mlele panajulikana kwa asali, na nta kidogo huongeza uzito kwenye krimu au mafuta ya kupaka baada ya kunyoa.

Mkulima wa alizeti naye huenda akajiuliza kama mafuta yake yanafaa. Yanafaa kwa kiasi kidogo tu. Yakiwa mengi, sabuni huwa laini mno, povu huwa dhaifu na bidhaa huanza kunuka uvundo mapema. Ni bora alizeti ikauzwe jikoni, ambako ina bei nzuri zaidi.

Anayetaka kujaribu asianze kwa kubahatisha. Kostiki huunguza ngozi na inaweza kupofua macho. Siku zote kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji yakimiminwa juu ya kostiki hulipuka na kuruka. Sufuria ya alumini isitumike, kwa kuwa kostiki huila. Miwani na glavu si mapambo. Kostiki soda haibadilishwi na kostiki potashi kwa uzito ule ule, kwa sababu inapohitajika gramu 1 ya soda, potashi safi huhitajika gramu 1.4. Anayekosea hapo hupata sabuni yenye mafuta yaliyobaki au, vibaya zaidi, yenye kostiki inayounguza uso.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo ya kutengeneza sabuni kwa wajasiriamali mikoani. Bidhaa ya kupaka usoni haiuzwi kiholela. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya jukumu hilo kuondolewa kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mjasiriamali mdogo anashauriwa kuanzia SIDO apate mafunzo na utambulisho, kisha apeleke sampuli TBS kabla ya kuchapisha lebo.

Soko la kuanzia si lazima liwe kubwa. Vinyozi wachache wa Kasokola na Mpanda mjini, wakikubali kujaribu sabuni moja kwa miezi mitatu na kutoa majibu ya kweli, wanatosha kumwonyesha mtengenezaji kama ana biashara au ana mchezo.

Kwa kinyozi mwenyewe, uamuzi ni mwepesi zaidi na hauhitaji mkopo. Anunue tyubu moja, aipime kwa dakika 5, aandike kwenye daftari imenyoa vichwa vingapi na wateja wangapi wamerudi bila kulalamika. Mwisho wa msimu wa mavuno daftari hilo litamwambia kama Sh50 au Sh90 anazoongeza kwa kila kichwa zimepotea au zimezaa.

Na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, majibu ya sabuni yake hayapo kwenye kioo chake. Yapo kwenye shingo ya mteja, siku tatu baadaye.